Jina Lako Mgongoni Mwangu

Ndugu yangu Kioko,

Sitaanza kwa kukuuliza hali. Nimekaa kwenye kibanda chako cha miche hapa nyumbani Mbooni, kwenye kile kiti cha plastiki kilichovunjika mguu ukakitegemeza kwa tofali. Ni saa nane mchana. Mke wako Mueni ameenda kuteka maji, mwaitu, mama yetu, amelala kidogo, na binti yako Kalondu hajatoka shule. Nimechukua daftari lako la miche, nikaligeuza nyuma kwenye kurasa ambazo hukuandika kitu, na hapo ndipo ninapoandika.

Leo ni wiki ya saba tangu tukuzike. Sijalia. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ungekuwa wa kwanza kunicheka, mimi niliyelia mbele ya wasichana siku tulipofungwa penalti na shule ya kule bondeni, hadi ukanifunika uso na sweta yako. Watu wananitazama wakingoja. Nakula, nafanya mazoezi, nalala vizuri kabisa. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unajua uko pale lakini ukiugusa husikii kitu.

Mtu mwingine akiliokota daftari hili hataelewa, kwa hivyo acha niliseme wazi lile ambalo sisi wawili hatukuwahi kulisema kwa sauti. Watu wa mpira wananijua kwa jina Kioko. Kioko ni wewe. Mimi ni Makau, kaka yako mkubwa, na pale chini ya miembe, hatua chache kutoka hapa, msalaba wa kaburi lako umeandikwa Makau.

Unakumbuka uwanja wa shule yetu ya msingi. Lango moja liko juu karibu na kanisa, lingine liko chini, na nyuma ya hilo la chini hakuna kitu, ni mteremko mpaka mtoni. Mpira ukipita, umeenda. Sheria ilikuwa aliyeupoteza ndiye anayeufuata, na kupanda tena ilikuwa kazi ya nusu saa. Makocha wengi wameniuliza nilijifunza wapi kuutunza mpira namna ile, kwa nini kiungo kijana hatoi pasi mpaka ajue itafika. Huwa nawaambia ni kipaji. Ni uvivu wa kupanda kilima, basi. Wewe hukuwa na uvivu huo. Ulipiga mashuti kutoka popote, ukateremka ukiimba, ukarudi na mpira kwapani na mapera mfukoni, sisi tumekaa chini tunakungoja na kukutukana.

Mwaka ule walipokuja kuchagua vijana wa chini ya miaka kumi na saba, mimi nilikuwa na kumi na tisa na ndevu zimeanza. Wewe ulikuwa na kumi na sita. Yule bwana aliyewaongoza aliniona nikicheza dakika kumi akaniita kando. Hakuniuliza miaka yangu. Aliniuliza, "Uko na ndugu mdogo?" Alisema ni jambo la kawaida, kwamba nusu ya vijana waliokuwa wakikimbia pale walikuwa na vyeti vya watu wengine. Nilipanda nyumbani mbio nikakukuta unakatia mbuzi majani, nikakueleza, na wala hukufikiria. Ulisema, "Chukua tu, kaka. Kwani mimi nalifanyia nini saa hii?"

Mwaitu ndiye aliyekataa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babake baba, na wa pili jina la babake mama. Mimi nikawa Makau wa upande wa baba, wewe ukawa Kioko, baba mzazi wa mwaitu. Ndiyo maana tangu ukiwa mchanga hakukuita kwa jina. Alikuita Baba. "Baba, kuja ukule." "Baba, hiyo shati umefunga vibaya." Ukikosea hakukuchapa, maana mtu atamchapaje babake, kwa hivyo viboko vyako nilivipokea mimi. Siku ile alisema, "Jina ya baba yangu si jezi, ati uvae, utoe jasho, halafu upatie mwingine." Akakaa siku mbili bila kunisemesha. Siku ya tatu nilikuta cheti chako cha kuzaliwa mezani, chini ya kikombe changu cha chai. Na sisi tukajifanya hiyo ni ruhusa.

Tulidhani ni mashindano yale tu. Lakini kutoka pale klabu ya Nairobi ikanichukua, na iliyemchukua ni Kioko. Kitambulisho nilikata kwa jina la Kioko, picha na alama za vidole na kila kitu. Ulipofika umri wako wa kukata, Kioko alikuwa ameshakata. Cheti kilichobaki ndani ya nyumba kilikuwa changu, ukaenda nacho kwa chifu, ukarudi ukiwa umezeeka miaka mitatu kwa siku moja. Uliingia jikoni ukaniambia, "Shikamoo kaka mdogo." Tulicheka hadi mwaitu akatufukuza.

Mechi yangu ya kwanza kuanza kwenye ligi ulikuja na koti la marehemu baba, ukakaa jukwaa la jua. Walipoanza kuimba jina, nilikuona umesimama unawapungia mikono yote miwili. Walioketi karibu nawe walidhani umelewa. Na baada ya hapo, kila mechi ikiisha ulinitumia ujumbe. "Dakika ya sitini nimepoteza mpira kizembe. Nisamehe, nilikuwa nimechoka." "Leo nimepewa kadi ya njano na sijatoka hata shambani." Nilipovunjika kifundo cha mguu nikakaa nje msimu mzima, uliandika kwamba ni wewe unayechechemea njiani na watu wanakuuliza. Nimejaribu kuzisoma tena. Naziona herufi, nazipita.

Halafu kuna ile siku. Ulipita mtihani wa kidato cha nne kuliko mtu yeyote wa huku juu, na cheti kikaja na jina lako, kwa sababu shule haikujua mambo yetu. Chuo cha kilimo kikakuita. Wakataka kitambulisho kinachofanana na cheti. Ulikuja Nairobi bila kunijulisha, ukanikuta nje ya uwanja wa mazoezi nikifungua viatu. Ulisimama pale na bahasha yako, na ule uso wako wa mzaha ambao siku hiyo haukukaa vizuri, ukasema, "Kaka, niazime jina langu. Ni miaka mitatu tu."

Nilicheka. Nikakuambia ngoja ligi iishe tuone. Ningeweza kusema sikuelewa uzito wake, lakini nilielewa, ndiyo maana nikacheka. Ligi iliisha. Hukuuliza tena, na mimi nikashukuru moyoni kwamba hukuuliza. Msimu uliofuata nilikununulia pikipiki. Ulinishukuru sana, Kioko. Ulinishukuru mpaka nikaona aibu, nikabadilisha mazungumzo.

Ukajifunza kupandikiza miembe na avokado kwa kuwaangalia wengine, na ukawapita. Ulikata kile kijiti cha mwembe mzuri, ukakifunga na nailoni kwenye shina la mwembe wa kienyeji, ukaongea nacho. Uliwahi kunionyesha mmoja ukasema, "Huyu ni wewe, kaka. Mizizi ya hapa, jina ya soko." Nilikurushia udongo. Miche yako ilifika mji wa Tulia, ilifika hadi Mutomo kwenye ukame, na kila mwenye duka la mbegu huko alikuwa na namba yako ya simu. Hakuna aliyekuomba cheti.

Siku ile ulikuwa umepeleka miche Tulia. Ulikuwa unarudi, pikipiki ikateleza kwenye mchanga uliomwagika barabarani. Hakuna gari lililokugonga na hakuna wa kulaumiwa, hivyo ndivyo walivyoandika. Wanasema hukuteseka. Nadhani huwaambia watu wote hivyo. Pikipiki yenyewe haikuharibika sana, Mueni amekataa kuiuza na amekataa kuitazama, iko nyuma ya zizi imefunikwa gunia.

Nilifika mochari kabla ya mwaitu. Mhudumu alikuwa mzee mpole mwenye viatu vya mpira. Alinipa pole, akanifunulia uso wako, akatoa kitambulisho kilichokuwa mfukoni mwako. Picha yako, jina langu. Akaniuliza, "Huyu ndiye Makau?"

Nilikuwa na nafasi pale. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya chumba kile, ni yeye, mimi na wewe. Ningesema hapana, huyu anaitwa Kioko, keti nikueleze. Nimejiuliza mara nyingi nilifikiria nini, kama ni mkataba, kama ni kelele za magazeti. Sikufikiria kitu. Kichwa changu kilifanya kile ambacho mguu wangu umefanya miaka kumi na miwili, kikatoa pasi fupi isiyo na hatari. Nikasema, "Ndiyo, ni Makau." Kisha nikatia sahihi, Kioko.

Basi ikabidi uzikwe hivyo. Klabu ilileta basi zima la wachezaji na viongozi kunifariji kwa kufiwa na kaka yangu mkubwa. Programu ya mazishi ilichapishwa na jina langu, siku yangu ya kuzaliwa na picha yako uliyopiga harusini. Kijiji kizima kilijua. Watu uliocheza nao utotoni, wanawake walionunua miche kwako, walimu, wote walipokea ile karatasi, wakaisoma, wakaikunja, wakanyamaza. Walinyamaza kwa ajili yangu na hakuna niliyemwomba. Pasta alianza, "Ndugu yetu mpendwa Ki," akakohoa, akanywa maji, akasema Makau. Kama ungekuwa umeketi kando yangu ungenifinya paja, na ningecheka msibani.

Niliogopa mwaitu pekee. Lakini jeneza lilipoanza kushuka aliita kama alivyokuita siku zote. "Baba. Baba yangu. Baba, unaniachia nani?" Kila mtu wa kijiji alijua anamlilia nani. Nahodha wetu aliinama akaninong'oneza, "Pole. Kwani mama alifiwa na babake pia?" Nikamjibu, "Zamani." Kati ya watu wote waliokuwa pale, mwaitu peke yake ndiye aliyekuzika kwa jina lako, na mimi nilikuwa nimesimama karibu naye nimevaa tai ya klabu.

Siku ya nne baada ya mazishi nilicheza. Kocha alisema nipumzike nikakataa, sikujua nipumzike kutoka nini. Kabla ya mechi walituweka kwenye duara la katikati, mtangazaji akaomba uwanja usimame dakika moja kwa ajili ya marehemu Makau, kaka yake Kioko. Uwanja ulinyamaza kabisa. Nikasimama mikono nyuma, nikisikiliza watu wakinyamazia kifo changu, na jina lako likiwa mgongoni mwangu. Nilidhani hapo ndipo nitakapoanguka. Sikuanguka. Filimbi ilipulizwa, nikacheza dakika zote, na wanasema sikupoteza mpira hata mmoja. Magazeti yaliandika kuhusu ujasiri. Simu ilikaa kimya baada ya mechi, na mimi nikaendelea kuitazama hadi tulipofika kambini.

Nikupe habari za hapa kwanza, maana nakawia kufika ninapokwenda. Mueni amejifunza kupandikiza. Mikono yake ni mizito kuliko yako lakini miche inashika, na Jumatano mteja mmoja kutoka Mutomo alichukua yote iliyokuwa tayari. Mwaitu hataki kupika ugali wa jioni, anasema sufuria ni kubwa sasa. Yule mbuzi wako mwenye pembe moja amezaa. Lile lango la chini la uwanja wa shule wamelijengea ukuta wa mawe nyuma yake, kwa hivyo mpira hauendi tena mtoni. Nilipita nikautazama ule ukuta muda mrefu. Nadhani hawatatoa tena kiungo hapa.

Na Kalondu sasa anasoma. Anasoma kila kitu, mifuko ya unga, sabuni, fulana za watu njiani. Jumapili iliyopita alinishika mkono tukaenda kaburini kumwagilia yale maua, akainama mbele ya msalaba, akaweka kidole kwenye herufi moja moja. "Ma. Ka. U." Akanigeukia. "Baba mkubwa, hii si ni jina yako? Sasa ya baba wameweka wapi?"

Kioko, nimechezea katikati ya uwanja maisha yangu yote. Hata nikizungukwa na watatu huwa najua nitaupeleka wapi mpira. Nilisimama pale sina pa kupeleka kitu. Mueni alikuwa hapa kibandani akinyunyizia miche, na niliona mkono wake umesimama, maji yanamwagika mahali pamoja. Hakugeuka. Na yeye alikuwa akingoja jibu. Yule mtoto alilingoja, akachoka, akaenda kucheza na mbuzi.

Wewe ulikufa na miaka ishirini na minane. Msalaba unasema thelathini na mmoja. Nimekuchukulia jina, nimekuchukulia chuo, na mwishoni nimekubebesha miaka mitatu ambayo hukuiishi. Na bado sihisi kitu, isipokuwa hapa kifuani juu kidogo, kama nimemeza tonge bila maji. Limeanza Jumapili ile na halijashuka.

Kuna mkataba mpya wa misimu miwili Nairobi, unangoja sahihi ya Kioko. Katibu wa klabu amepiga simu mara tatu wiki hii. Sikushika. Hautatiwa sahihi. Jumatatu nateremka mjini Wote kwa wakili kula kiapo, kisha napanda Nairobi kumwambia katibu mwenyewe kabla hajasoma kwingine. Watanifungia, hilo najua. Huenda medali zikarudishwa. Huenda kukawa na kesi. Wale walioimba watataka kujua walikuwa wakimwimba nani, na sina jibu zuri la kuwapa. Naogopa, Kioko. Hilo nalo nakuambia, kwa sababu kuogopa ndicho kitu cha kwanza nilichohisi tangu mochari, na nilikuwa karibu kukifurahia.

Mwaitu nilimwambia jana jioni. Aliinuka akaenda kulala na taa yake. Leo asubuhi nilipokaa kunywa chai, chini ya kikombe kulikuwa na karatasi, imekunjika mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo. Ni cheti changu cha kuzaliwa, kile ulichotembea nacho miaka hii yote. Alikitoa kwenye sanduku lako. Nilikifungua nikasoma jina langu, nikashindwa kumaliza chai.

Msalaba wako mpya uko hapa ndani, umeegemea ukuta karibu na ndoo ya mbolea. Mbao alizikata fundi wa sokoni, lakini herufi nimezichora mwenyewe, ndiyo maana O ya mwisho imepinda. Rangi inakauka. Nakuahidi kwamba Jumapili, watu wakitoka kanisani, nitaung'oa ule wa sasa mbele ya kila mtu na kusimamisha huu, na Kalondu ndiye atakayekuwa wa kwanza kuusoma. Na siku atakapoitwa chuo, ataingia na jina lake na la baba yake, mimi nitakuwa mlangoni nimebeba sanduku. Sitaazima kitu chako tena.

Pumzika, Baba wa mwaitu. Nasikia ndoo za Mueni njiani, acha nimsaidie.

Sasa nimefika pa kuweka jina na mkono umekataa kidogo. Miaka kumi na miwili umeandika Kioko kwenye mipira, kwenye fulana, kwenye plasta za miguu ya watoto. Hili lingine mara ya mwisho niliandika nikiwa shule. Likitoka baya usinicheke.

Kaka yako mkubwa,

Makau